Bath, Budapest au Karlovy Vary? Ulinganisho kwa aliyekwama kati ya miji mitatu ya maji ya moto

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa nne simu yangu inaanza kujaa meseji za ndugu na marafiki, wengine wako Tanga na Dar, wengine Muscat, wameshajichanga wanataka kuja Ulaya wiki moja waone mji wa zamani wenye chemchemi za maji ya moto na yale majengo yake, na karibu wote wamekwama kwenye majina matatu: Bath ya Uingereza, Budapest ya Hungaria, Karlovy Vary ya Cheki. Yote mitatu nimefika. Bath ndo naijua zaidi maana naishi Bristol na treni ni kama robo saa tu, na kote nimeenda na mama yangu mzazi ambaye goti lake la kulia linamsumbua, kwahiyo kila mji nimeuona kwa miguu yangu na kwa miguu yake pia. Badala ya kumjibu kila mtu kivyake naandika hapa yote.

Nnavyovipima ni hivi: majengo (unaona nini na kinaeleweka vipi ukiwa umesimama pale), maji (unaruhusiwa kuyafanyia nini), kufika na hela (visa, usafiri, tiketi), alafu kila mji unamfaa nani. Kuhusu maji nisikilize vizuri maana hapo ndo watu wengi wanapokosea: Bath ile sehemu ya kale maji utayatazama tu, Budapest utaingia ndani yake, Karlovy Vary utayanywa. Ukishajua unataka lipi kati ya hayo umeshamaliza nusu ya kazi, kwa sababu hata majengo ya kila mji yamejengwa kufuatana na jinsi watu walivyoyatumia maji yao.

Jambo moja la haraka. Mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha miji 11 ya spa katika nchi 7 za Ulaya kama urithi mmoja, Bath na Karlovy Vary zimo, Budapest haimo. Usiipunguzie Budapest maksi kwa hilo, kingo zake za mto Danube na mtaa wa ngome ya Buda (Buda na Pest ni pande mbili za mji, mto umepita katikati) viko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1987, mwaka uleule Bath yenyewe ilipoingia mara ya kwanza.

BATH

*Majengo.* Karibu katikati yote ya mji imejengwa kwa jiwe la aina moja, jiwe la chokaa lenye rangi ya asali, mengi yalichimbwa palepale kwenye vilima vya Combe Down, na sehemu kubwa ni kazi ya karne ya 18, kwahiyo unatembea mtaa baada ya mtaa na hakuna jengo linalogombana na jirani yake. Jioni jua likipiga ukuta unaona mji mzima umebadilika rangi kwa pamoja.

Anzia The Circus. Ni nyumba 33 zilizopangwa kwenye duara lililokatwa vipande vitatu. Msanifu John Wood mzee alianza kazi mwaka 1754 akafariki mwaka huohuo, mwanawe mwenye jina hilohilo akaja kuimaliza 1768. Simama katikati chini ya miti utazame nguzo zinavyopanda, za chini ni nene na hazina madoido, za kati zina vichwa vya kujikunja, za juu kabisa zimechongwa majani, yani mitindo mitatu ya kale imewekwa mmoja juu ya mwingine. Ukitoka hapo tembea dakika chache tu unafika Royal Crescent, kazi ya huyo mwana, nyumba 30 zilizopinda kama mwezi mchanga, zilijengwa kati ya 1767 na 1774. Watu wanapiga picha kwa mbele wanaondoka. Mimi nakwambia zunguka nyuma. Wood alisanifu ule uso wa mbele tu, kila mnunuzi akaleta fundi wake akajenga nyumba ya ndani anavyotaka mwenyewe, kwahiyo mbele zimenyooka kama askari wa gwaride lakini nyuma mapaa yanapishana, dirisha la huyu liko juu la yule liko chini, moja imetokeza nyingine imerudi ndani. Mama alisimama pale muda mrefu akasema, "Kumbe na hawa kila mtu na fundi wake." Hapo ndo alipoanza kuipenda Bath.

Pulteney Bridge ya Robert Adam (1774) ina maduka pande zote mbili, unaweza ukavuka mto bila kujua uko darajani, ushuke ngazi uitazame ukiwa chini. Kanisa la Abbey, lililoanza kujengwa upya 1499, lina malaika wa mawe wanapanda ngazi kwenye uso wa mbele, na ukitazama vizuri wengine wanashuka kichwa chini.

Kuna vitu viwili ambavyo waongoza watalii wengi hawavigusi na mimi naona msomaji wa Afrika Mashariki asiondoke bila kuvijua. Cha kwanza ni Fairfield House, nyumba aliyoishi Mfalme Haile Selassie uhamishoni baada ya Italia kuivamia Ethiopia, kuanzia 1936 hadi 1940, na mwaka 1958 akaikabidhi kwa mji wa Bath. Nyumba ya kawaida tu pembeni mwa mji, ila ukisimama getini ukafikiria mfalme wa Ethiopia akipita msimu wa baridi mle ndani wakati nchi yake imekaliwa, inakugusa. Cha pili ni Beckford's Tower ya 1827, mnara mzuri wa juu ya kilima, uliojengwa kwa hela ya mashamba ya miwa ya Jamaika yaliyolimwa na watumwa, na siku hizi makumbusho yake yanalisema hilo wazi. Utajiri ulioijenga Bath ya karne ya 18 haukutoka kwenye chemchemi peke yake.

*Maji.* Chemchemi kuu inatoa lita 1,170,000 kila siku, joto nyuzi 46, na Warumi waliizungushia hekalu na mabafu karne ya kwanza. Lile bwawa kubwa lina kina cha mita 1.6 na bado limetandikwa mabati ya risasi ya Warumi wenyewe, mabati 45. Ukiwa pembeni ya bwawa angalia nguzo: chini kwenye vitako ni kazi ya Kirumi, juu yake pamoja na zile sanamu ni kazi ya mwishoni mwa karne ya 19. Wengi wanadhani yote ni ya miaka elfu mbili.

Ila kuingia hamna. Mwaka 1978 binti mmoja alifariki kwa ameba aliyempata kwenye maji ya pale, kuogea kukasimamishwa. Anayetaka kuingia kwenye maji ya Bath anaenda Thermae Bath Spa, jengo la kisasa lililofunguliwa 2006 lenye bwawa juu ya paa, unaelea huku unaangalia mnara wa Abbey, ni kuanzia miaka 16. Kwenye mabafu ya Warumi mwishoni wanakupa kuonja maji. Ni ya uvuguvugu, yana ladha ya chuma. Mama alitegemea harufu ya yai bovu kama maji ya Galanos kule Amboni, Tanga, akanusa akakuta hakuna, akaonja, akaniambia "haya yamechemshiwa misumari, mwanangu."

*Kufika na hela.* Visa ya Uingereza inajitegemea, ya Schengen (ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) haikufikishi huku. Treni kutoka London Paddington ni kama saa moja na nusu, kata tiketi mapema, ukikata siku yenyewe utalia. Kati ya miji mitatu hii ndo ghali zaidi, kuanzia kulala mpaka kiingilio, na wikendi kiingilio cha mabafu kinapanda. Katikati unatembea kwa miguu lakini kupanda kwenda Circus na Crescent ni kilima, kwahiyo sisi na goti letu tulipanda basi kwenda, kurudi tukashuka taratibu kwa miguu.

*Inamfaa* anayependa historia na mpangilio wa mji, mwenye ndugu Uingereza, mwenye siku moja au mbili tu. Haimfai anayetaka kushinda kwenye maji kutwa nzima.

BUDAPEST

*Maji.* Huku naanza na maji maana ndo mji wenyewe. Ziko chemchemi zaidi ya 100 chini ya mji huu, na watu wanaingia kama kawaida ya maisha yao, wazee asubuhi na mapema na taulo kwapani, wala sio mambo ya watalii peke yao. Széchenyi, ya 1913, ndo kubwa na maarufu, jumba la njano la mtindo wa kibaroko, yani wa madoido mengi, lenye mabwawa 18, matatu yako nje, na maji yanatoka ardhini yakiwa na nyuzi zaidi ya 70 kabla ya kupozwa. Nenda msimu wa baridi. Mvuke unapanda mpaka huoni upande wa pili, alafu taratibu zinajitokeza sura za wazee wamesimama majini mpaka kifuani wanacheza sataranji, bao likiwa limewekwa ukingoni, hawana haraka na mtu.

Lakini ukiniuliza mimi, Rudas. Ni hamamu ya Waturuki, ilijengwa enzi za Sokollu Mustafa Pasha karne ya 16, wakati Buda iko chini ya Waosmani (1541 hadi 1686). Kuna bwawa la pembe nane, nguzo nane, na juu kuba lenye upana wa mita 10 lililotobolewa vitundu vyenye vioo vya rangi, mwanga unashuka kwenye mvuke kama kamba nyembamba za kijani na nyekundu. Aliyewahi kuingia Hamamni pale Mji Mkongwe, yale mabafu ya Sultan Barghash, akainua macho kwenye tundu za kuba, ataelewa palepale kuwa ni ukoo mmoja, tofauti ni kwamba Hamamni imekauka na Rudas maji yapo na watu wamo. Pembeni kuna mabwawa manne madogo yenye joto tofauti, moja linafika nyuzi 42.

Na kwa wanaouliza kuhusu sitara: Rudas kwenye ile hamamu ya kale ina siku za wanaume peke yao na siku ya wanawake peke yao, kwa miaka mingi Jumanne ndo imekuwa ya wanawake, zilizobaki ni za mchanganyiko, ratiba hubadilika kwahiyo cheki kabla ya kukata tiketi. Mama alikubali kuingia kwa sababu hiyo tu. Alikaa mle saa nzima na nusu, goti ndani ya maji, maji yana kiharufu cha salfa kwa mbali, akafumba macho akasema "hii sasa Galanos." Sijasema goti lilipona. Nasema jioni ile alipanda ngazi za hoteli bila kunishika bega.

Gellért, ile ya vigae vya bluu ambayo picha zake ziko kila mahali, imefungwa tangu Oktoba 2025 kwa ukarabati wa miaka kadhaa, usije ukapanga safari kwa ajili yake. Na wenye watoto mjue kuna masharti ya umri, chini ya miaka 14 hawaingii kwenye mabwawa ya maji ya moto.

*Majengo.* Tofauti na Bath, huku kuna kila kitu na kila zama. Bunge lake (msanifu Imre Steindl, lilianza 1885) lina urefu wa mita 268 kando ya mto na vyumba 691, kuba lake ni mita 96 kukumbusha mwaka 896 ambao Wahungaria wanauhesabu kuwa ndo mababu zao walifika, na Basilika ya St. Stephen nayo ina mita 96 hizohizo. Litazame usiku kutoka ng'ambo ya Buda. Alafu tafuta kazi za msanifu Ödön Lechner, hasa lile jengo la benki ya akiba ya posta la 1901, ukuta ni wa kawaida kwa chini ila kadri macho yanavyopanda yanaanza maua, nyuki, mpaka paa la vigae vya rangi ambalo ukiwa barabarani hulioni vizuri, inabidi uende mbali au juu. Kama ni Muislamu panda Rózsadomb kwenye kaburi la Gül Baba, dervishi (sufi) aliyefariki 1541, jengo dogo la pembe nane lenye bustani ya mawaridi, kimya kabisa.

Hata kufika Széchenyi ni sehemu ya kuona, unapanda metro namba 1 ya mwaka 1896, ya kwanza chini ya ardhi kwenye bara la Ulaya ukiiacha ile ya London, vituo vyake vidogo vya vigae na mbao.

*Kufika na hela.* Visa ya Schengen, hela ni forinti sio yuro. Chakula na kulala ni nafuu kuliko Bath japo kiingilio cha mabafu maarufu kimepanda sana miaka ya karibuni. Beba ndala zako na taulo, vya kukodi vinakula hela bure. Upande wa Pest ni tambarare, Buda ni milima ila mabasi na tramu zipo kila kona. Na wenye watoto wanaosoma huko kwa skolashipu ya Stipendium Hungaricum, Wakenya najua mpo, mna mwenyeji tayari.

*Inamfaa* anayetaka kuingia majini kweli, anayependa mji mkubwa wenye maisha, makundi ya marafiki, na mwenye viungo vinavyouma. Haimfai anayetaka utulivu.

KARLOVY VARY

*Majengo na maji.* Hivi huku siwezi kuvitenganisha. Mji uko kwenye bonde jembamba la mto Teplá, hadithi yao inasema mbwa wa mfalme Charles IV alitumbukia kwenye maji ya moto wakati wa kuwinda karne ya 14, na tiba yao kubwa ni kunywa: unatembea polepole toka chemchemi moja hadi nyingine ukiwa na kikombe. Ndo maana mji umejaa baraza ndefu za nguzo. Mgonjwa anatakiwa atembee akinywa, mvua ikinyesha je? Wakamjengea paa la kutembelea chini yake. Mill Colonnade ya Josef Zítek (1871 hadi 1881) ina nguzo 124 na chemchemi tano ndani, juu yake sanamu 12 za miezi ya mwaka. Mbele kidogo iko Market Colonnade ya 1883, ya mbao nyeupe zilizochongwa kama lesi, kazi ya Fellner na Helmer wa Vienna, hawahawa waliojenga thieta ya hapo na ndo haohao wa thieta ya Vígszínház kule Budapest. Kwa urefu wa kilomita chache unapata kanisa la kibaroko la msanifu Dientzenhofer, kanisa la Waothodoksi lenye makuba ya dhahabu, na alafu hoteli Thermal, zege tupu la miaka ya sabini ambalo wengi wanalichukia, mimi nalipenda.

Kikombe chenyewe ni cha kaure, bapa, na mkono wake una tundu ndani, yani mkono ndo mrija. Unanyonya kidogo kidogo kwa kutumia mkono wa kikombe, wanasema ili madini yasigande kwenye meno. Kila mtu mtaani anacho, mzee anacho, kijana anacho. Vřídlo, chemchemi kubwa kuliko zote, inaruka mpaka mita 12 na joto lake ni nyuzi 73, mimi nilikuwa na haraka nikanyonya bila kupoza ulimi ukaniuma siku mbili. Maji ya huku madini yake ni mengi mpaka ua la karatasi likiachwa humo linageuka jiwe la kahawia, wanayauza kama zawadi, mama analo moja juu ya kabati la vyombo Tanga.

Usinywe kama maji ya kiu. Yana chumvi inayolainisha tumbo, ukizidisha utatafuta choo mji mzima, na mwenye presha au figo aongee na daktari kwanza. Huwa wanashushia na oplatky, biskuti pana nyembamba za duara zinazouzwa za moto.

*Kufika na hela.* Visa ni ileile ya Schengen, hela ni koruna. Basi kutoka Prague ni saa mbili na kidogo. Chemchemi ni bure, unalipia kikombe tu, kwahiyo mwenye bajeti ndogo anapumua. Barabara ya kando ya mto ni tambarare na magari hayapiti sehemu kubwa, mama alitembea huku kuliko kote. Epuka wiki ya tamasha la filamu mwanzoni mwa Julai, vyumba vinaisha na bei inaruka.

*Inamfaa* wazee, wanandoa, anayetaka kupumzika na kutembea. Vijana wa kuchangamka watachoka siku ya pili.

Sasa chagua kwa hali yako

Una visa ya Uingereza tu, au umekuja London kwenye graduesheni ya mtoto na una siku moja ya ziada: Bath, nenda katikati ya wiki, asubuhi mabafu ya Warumi, mchana Circus na nyuma ya Crescent.

Una Schengen na wiki nzima: usichague kati ya Budapest na Karlovy Vary, unganisha. Prague mpaka Budapest ni treni ya kama saa saba, ukate siku tatu Karlovy Vary na nne Budapest. Maombi ya visa peleka kwa nchi utakayokaa siku nyingi.

Unasafiri na mzazi mwenye miguu mizito: kama anataka kutembea Karlovy Vary, kama anataka kuloweka viungo Budapest. Mama yangu yeye nikimuuliza anataja Rudas.

Mko na watoto wadogo: Bath au Karlovy Vary, Budapest nusu ya raha yake itawapita.

Umekuja kwa ajili ya majengo hasa na maji ni nyongeza: kama unapenda mji wenye sauti moja ni Bath, kama unapenda kuona zama zinavyorundikana ni Budapest, na kama unataka kuelewa jengo kwa kulitumia, chukua kikombe chako siku ya mvua utembee chini ya zile nguzo 124 mpaka maji yaishe.